Upele wa Mbwa na Oili Chafu

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu na vijana, habari za asubuhi. Kabla hatujaanza chanjo ya kichaa cha mbwa, nina neno kuhusu upele, maana kwenye foleni hii nimeshanusa mbwa watano waliopakwa oili chafu ya gari. Msicheke, wenyewe mnajijua.

Mbwa aliyepakwa oili hujilamba usiku kucha. Anachomeza ni sumu, na ngozi iliyochubuka inazidi kuungua. Utitiri wenyewe, yaani vidudu vidogo mno vinavyoleta upele, umejichimbia ndani ya ngozi, huko unataga. Mayai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5, na yai hufika kuwa utitiri mzima kwa muda wa karibu wiki 3. Ndiyo maana dawa ya mara moja haitoshi. Mnaona nywele zinaota, mnaacha, mwezi ujao mnaniambia dawa feki!

Wahenga walisema Mungu humpa upele asiye na kucha. Mbwa kapewa vyote viwili, basi anajikuna mpaka vidonda vinatunga usaha. Upele huanzia ncha za masikio, viwiko na tumbo. Sugua ncha ya sikio lake kwa vidole: mguu wa nyuma ukianza kukuna hewa, shuku upele. Daktari atakwangua ngozi na kutazama kwa darubini, ingawa mara nyingine utitiri hauonekani na bado upo.

Sasa sindano. Wengi mnatumia ivermektini ya ng'ombe, dawa ya kuua minyoo na wadudu. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, kipimo cha ng'ombe wa kilo 50. Mbwa wa kilo 10 akidungwa mililita nzima kwa kukisia, kwa kila kilo ya uzito wake amepewa mara tano ya kipimo hicho. Na wapo mbwa, hasa wenye damu ya Collie, aina ya mbwa wa kuchunga kondoo, ambao dawa hii hupenya hadi kwenye ubongo wao hata kwa kiasi ambacho wengine wanakistahimili. Mpimeni uzito kwanza, na sindano mwachieni mtaalamu. Siku hizi vipo pia vidonge vya kutafuna, ila bei yake, kusema kweli, inauma.

Mtoto wa mbwa mwenye mabaka usoni asiyejikuna sana, huenda ana demodeksi, upele wa aina nyingine unaoletwa na utitiri tofauti. Huyo aliupata kwa mama yake wakati wa kunyonya, na hawaambukizi ninyi. Upele wa kuwasha ndio unaowapata watoto wanaolala na mbwa: vipele mikononi na tumboni. Huisha wenyewe mbwa akitibiwa.

Magunia wanayolalia mbwa yachomeni, au yafueni kwa maji ya moto na kuyaanika juani. Na mbwa wote wa nyumba moja watibiwe siku moja, hata asiyejikuna.

Haya, mwenye kamba nyekundu pale, tuanze na wewe. Ila umekuja na mmoja, na kwako nawajua watatu. Kawalete.