Shaba Hubadili Ligandi Upesi, Kromi Hukawia
Mhadhara kwa walimu wa kemia, Mtwara

Walimu wenzangu, ligandi ni molekuli au ioni inayoishika ioni ya metali, kama maji au amonia. Tuanze na mrututu, yaani salfati ya shaba. Yeyusheni gramu 2.5 katika maji hadi zitimie mililita 100. Tieni mililita 2 kwenye neli ya majaribio, kisha mdondoshee amonia ya 2 M (moli 2 kwa lita), tone baada ya tone. Tone la pili au la tatu linaleta mashapo ya samawati iliyopauka. Hapo amonia imenyakua protoni tu kutoka kwenye maji yanayoizunguka shaba, bado haijakalia nafasi yao. Endeleeni huku mkitikisa. Ikifika mililita moja au mbili, mashapo yanayeyuka na buluu inakolea: amonia nne zimeng'oa maji manne.

Mashapo yakigoma kuyeyuka, msiulaumu mrututu. Chupa ya amonia ikilegea kizibo katika joto la huku pwani, gesi hutoroka na mnabaki na maji. Na mwanafunzi akimimina kwa mkupuo, hatua ya mashapo inampita asiione.

Sasa shabu ya kromi, chumvi yenye kromi na salfati. Someni vizuri lebo, ni shabu, si shaba. Gramu 5 katika mililita 100 za maji baridi zinatoa zambarau. Wengi huipasha moto ili iyeyuke haraka, na hapo ndipo inapogeuka kijani, kwa sababu salfati zimeingia mahali pa maji. Ikipoa, inabaki kijani vilevile. Mwanafunzi atasema imechafuka. Haijachafuka hata kidogo, ila kromi haina haraka.

Kwenye ioni ya shaba, molekuli ya maji hupishana na nyingine zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde. Kwenye kromi(III), yaani kromi yenye chaji +3, nusu ya maji huchukua siku tatu hivi kubadilishwa. Kromi ina elektroni tatu katika obiti tano ziitwazo d, kila moja na obiti yake katika zile tatu za nishati ya chini. Kumtoa ligandi mmoja kati ya sita wanaoizunguka, au kumkaribisha wa saba, kunavuruga mpangilio huo kwa gharama kubwa. Shaba ina elektroni tisa za d, na maji mawili ya mhimili mmoja yako mbali, yameshikwa kwa ulegevu, ndiyo maana hubadilishwa upesi.

Hapa wanafunzi wetu huchanganya mambo mawili: uthabiti na kasi. Waambieni wafikirie safari ya Masasi kuja Mtwara kwa njia ya Newala. Mtwara iko chini kuliko Masasi. Tofauti hiyo ndiyo uthabiti. Lakini kabla ya kuteremka lazima upande uwanda wa Makonde, na mlima huo ndio unaoamua kasi. Kompleksi (ioni ya metali pamoja na ligandi zake) ya nikeli yenye sianidi nne ni thabiti mno, na bado hubadilisha sianidi zake upesi sana. Kobalti(III) yenye amonia sita, ikiwa ndani ya asidi, ilipaswa kuvunjika; hukaa siku nyingi.

Neli ya kijani msiimwage. Ibandikeni tarehe, iwekeni kabatini karibu na nyingine ya zambarau ambayo haikuguswa na moto, na darasa lizilinganishe kila asubuhi.