Barua ya Benki na Barua ya Kazi

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, na kaka yangu Baraka ninaye hapa. Leo naanza na barua, ukurasa mmoja tu: "Ndugu mteja, kufuatia mabadiliko ya riba, rejesho lako la mwezi litakuwa kama ifuatavyo..." Nilisoma ile namba mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni, viatu sijavua.

BARAKA: Ulikuwa umekopa kwa riba inayobadilika.

ZUHURA: Naam. Ilikuwemo kwenye mkataba, aya ndogo ambayo niliipitia juujuu. Basi, wiki chache baadaye mwajiri wangu, kampuni ya ujenzi, akapunguza watu, na mimi nikawemo. Nikasema jamani, mikosi gani hii, inaandamana!

BARAKA: Pole sana, dada. Lakini lile lilikuwa jambo moja, likakuingilia kwa milango miwili. Benki kuu ikiona mfumuko wa bei umepanda mno, hupandisha riba yake. Benki za biashara nazo hupandisha zao, na hapo ndipo barua yako ilipoandikwa. Upande wa pili, mtu aliyetaka kukopa ajenge anaahirisha. Mkandarasi anakosa kazi, halafu anawatazama wafanyakazi wake.

ZUHURA: Kwa hiyo mshahara wangu na deni langu vilining'inia kwenye uzi mmoja.

BARAKA: Ndivyo. Na watu hawajui uzi huo una uzito gani. Chukua mkopo wa milioni moja, kwa fedha yoyote ile, ulipwe kwa miaka 20. Riba ikiwa asilimia 8, rejesho ni kama 8,360 kwa mwezi. Ikiwa asilimia 12, ni kama 11,010. Karibu theluthi nzima imeongezeka. Tena katika hizo 11,010 za mwezi wa kwanza, 10,000 ni riba tupu! Deni lenyewe umelipunguza kwa elfu moja na kidogo.

ZUHURA: Inauma kuisikia.

BARAKA: Marekani waliipata hiyo waziwazi. Paul Volcker aliingia kuongoza benki kuu yao mwaka 1979, na kufikia 1981 riba yake ya msingi ilikuwa imegusa karibu asilimia 20. Wajenzi wa nyumba walikuwa wakimtumia vipande vya mbao kwa posta, maana hawakuwa na nyumba za kuvijengea. Mfumuko wa bei ulishuka kweli. Ila mwishoni mwa 1982 ukosefu wa ajira ulikuwa umefika asilimia 10.8.

ZUHURA: Hapo ndipo mimi nakasirika, kaka. Aliyeachishwa kazi siye aliyepandisha bei. Kwa nini gharama ya kutuliza uchumi aibebe yeye?

BARAKA: Una haki ya kukasirika. Mimi sipingi kupandisha riba, kwa sababu mfumuko wa bei nao humwumiza zaidi maskini. Ninachopinga ni serikali kuachia hapo. Serikali inayokubali watu wapoteze kazi ili bei zitulie ina wajibu wa kuwashika wasianguke. Uingereza ilitunga sheria ya bima ya wasio na kazi mwaka 1911, ikianza na sekta chache, na ujenzi ulikuwa mmojawapo. Kwa hiyo si wazo geni hata kidogo.

ZUHURA: Na msikilizaji anayetafuta kazi sasa hivi, afanye nini?

BARAKA: Aulize fedha za mshahara ule zinatoka wapi. Kampuni inaishi kwa wateja wanaokopa, kama ujenzi na magari? Riba itamgusa mapema. Inaishi kwa zabuni za serikali? Basi asome bajeti, aangalie kama malipo ya wakandarasi huchelewa. Sisemi aikimbie kazi hiyo. Nasema akiichagua, akope kwa riba isiyobadilika, na akiba ya dharura iwe kubwa kuliko ya mwenzake.

ZUHURA: Na mtumishi wa umma, mwenye mshahara wa uhakika?

BARAKA: Huyo adui yake ni mfumuko. Gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko, utapata takriban miaka ya bei kuongezeka maradufu. Mfumuko wa asilimia 9 ni miaka 8. Mshahara usipopanda kwa miaka hiyo, unanunua nusu ya ulichokuwa ukinunua, na hakuna barua yoyote uliyoletewa.

ZUHURA: Mwaka jana nilikopa tena, safari hii nikiwa na kazi nyingine. Nilimwomba afisa wa mikopo anipigie hesabu kama riba ingepanda kwa asilimia 4 juu ya ile aliyonitajia. Akasema wateja hawaulizi hivyo. Nikamwambia mimi nauliza. Akageuza kioo cha kompyuta tukatazama wote.

BARAKA: Ikawaje?

ZUHURA: Nisingeweza kulipa. Nikamwomba akate theluthi ya mkopo. Alinyamaza kidogo, kisha akafuta namba ya kwanza, akaandika mpya.