Lango Lililookolewa kwa Kura Moja
Mhadhara kwa waashi na wanafunzi wa ujenzi, Moshi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za kazi. Asanteni kwa kuacha saiti zenu mchana huu mkaja kusikiliza habari za lango la mji wa mbali.

Mji wenyewe ni Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani. Lango linaitwa Holstentor. Lilijengwa kuanzia 1464 hadi 1478 chini ya fundi mkuu Hinrich Helmstede: minara miwili ya mviringo, paa zimechongoka, na katikati jengo lenye njia ya kupita. Lote ni tofali za kuchoma. Upande wa nje, anakotokea adui, ukuta una unene unaozidi mita 3. Upande wa mjini haufiki hata mita 1. Chini yake ni ardhi ya kinamasi, kando ya mto Trave, kwa hiyo minara ilianza kuzama na kuinama ujenzi ukiwa bado unaendelea. Matundu ya chini ya kupigia mizinga leo yamo ardhini.

Karne ya 19 ilipofika, ngome za namna hiyo hazikuwa na kazi tena. Reli ikaja, ikataka nafasi. Lango jingine lililosimama mbele ya hili likabomolewa mwaka 1853. Miaka miwili baadaye wakazi wenyewe wakapeleka ombi kwamba na hili livunjwe. Ubishi ukaendelea hadi 1863, kura zikapigwa, lango likapona kwa kura moja tu! Ukarabati ukafanyika hadi 1871.

Mwaka 1933 na 1934 likashughulikiwa tena. Wanazi walilitaka liwe jumba la kujitukuza, na hilo tusilifiche. Lakini kazi ya mafundi ndiyo ninayotaka muiangalie: waliifunga minara isizidi kuinama, wala hawakuinyoosha. Ukienda leo utaikuta imepinda vilevile. Kwangu mimi huo ndio ukarabati. Jengo la miaka 500 likitoka mikononi mwako limenyooka na kung'aa kama la juzi, umejenga jipya na la zamani umelipoteza.

Sasa tuje hapa kwetu. Moshi ilifikiwa na reli kutoka Tanga mwaka 1911, na nyumba za zamani bado zipo mjini. Kosa ninaloliona mara nyingi ni lipu ya saruji kupakwa juu ya ukuta uliojengwa kwa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu, ukuta ukalowa mvua za masika na kukauka jua likitoka. Saruji inaufungia ndani. Maji yakipanda kutoka kwenye msingi hayana pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu, lipu inavimba, halafu inabanduka na uso wa tofali. Na tofali likishapoteza uso wake wa moto, ndani ni laini, mvua italila.

Kwa hiyo kabla hujanunua mfuko wa saruji, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kuanzia chini kwenda juu. Panapolia wazi, lipu imeshaachia. Bandua hapo tu, kwa patasi, taratibu. Kisha kwangua udongo kidogo wa kuunganishia tofali na uudondoshee siki: ukitoa povu, huenda una chokaa mbele yako, ingawa saruji ya zamani nayo yaweza kutoa povu; ukihakikisha ni chokaa, utarudishia kwa chokaa.