Ile kofia ya liwali: Wilhelm Tell alivyogeuka shujaa wa uhuru

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Poa. Watu wakisikia Wilhelm Tell, yule mlenga mishale wa kwenye simulizi za Uswisi, wanakimbilia kwenye epo, mi nataka tuanze na kofia. Liwali Gessler, mtu wa akina Habsburg, ule ukoo wa watawala wa Austria, kachomeka mti katikati ya mji wa Altdorf kule Uswisi, katundika kofia yake juu, kila anayepita ainame. Kofia tupu, kichwa chenyewe hakimo! Tell akapita zake, ndo akakamatwa, akaambiwa alenge epo kichwani kwa mwanae wa kumzaa. Akalipata. Ila alikuwa kachomoa mishale miwili, na alipobanwa akasema huu wa pili ulikuwa wako wewe liwali, kama ningemuua mwanangu.

Wanasema ilikuwa 1307, lakini kwenye maandishi stori inaanza kuonekana miaka ya 1470, kwenye Kitabu Cheupe cha Sarnen, mkusanyo wa maandishi ya kale ya Uswisi. Na Saxo Grammaticus, mwanahistoria wa Denmark, alishasimulia kitu hichohicho karibu mwaka 1200, mlengaji anaitwa Toko, mtoto yupo, epo lipo, mishale ya akiba ipo. Mwaka 1760 kikatoka kijitabu kinasema Tell ni ngano ya Kidenmaki, watu wa Uri, jimbo lenye ule mji wa Altdorf, wakakichoma moto. Waliona wanaporwa baba yao.

Sasa mi hilo la aliishi au hakuishi halininyimi usingizi, mi naangalia nani anamtumia. 1653 wakulima wa bonde la Entlebuch, hukohuko Uswisi, wamechoshwa na wakubwa wa mji wa Lucerne waliowatawala, wanaume watatu wakavaa mavazi ya kale, wakaitwa Tell Watatu, wakawavizia wajumbe wa serikali njiani wakawafyatulia risasi. Hapo liwali si Habsburg tena, ni Mswisi mwenzao! Halafu Mapinduzi ya Ufaransa nayo yakambeba kama shujaa wao. Schiller, mwandishi wa Kijerumani, akamtungia tamthilia 1804, na José Rizal, mwandishi wa Ufilipino, akaja kuitafsiri kwa Kitagalogi wakati Ufilipino bado iko chini ya Mhispania, nadhani hakuhitaji kuwaeleza wenzake kofia ni ya nani.

Hata Manazi walimpenda mwanzoni, mkulima shupavu wa milimani, anaongea Kijerumani, safi kabisa. Ila 1938 Mswisi mmoja, Maurice Bavaud, alienda Munich na bastola kumwinda Hitler, akashindwa, akakamatwa, Mei 1941 akakatwa kichwa. Mwezi uliofuata Hitler akaipiga marufuku ile tamthilia. Naona ule mshale wa pili ulimfikia.