Halali na Ijumaa Guangzhou: kwa mnaokuja kusoma China

Asalaam alaykum wapendwa, na habari zenu nyote mnaonitazama kutoka nyumbani. Wadogo zangu mnaosubiri viza, tuanze na chakula, maana hapo ndipo wengi hukosea.

Tazameni kibao hiki cha kijani. Herufi hizi mbili, 清真, husomwa "qingzhen", ndiyo halali. Hapa ni kwa tambi za mtindo wa mji wa Lanzhou, za Waislamu wa Kichina, Wahui. Mwangalieni mpishi: donge la unga analivuta, analikunja, analivuta tena mpaka linakuwa nyuzi. Juu yake supu ya ng'ombe, figili nyeupe, giligilani na mafuta ya pilipili. Kuleni kwa amani.

Kwingine macho wazi. Kwa Kichina "rou" ni nyama, lakini likitajwa peke yake kwa kawaida ni nguruwe. Ukiomba mboga bila nyama, bado zinaweza kuja zimekaangwa kwa mafuta yake au kunyunyiziwa nyama ya kusaga. Mpishi hakudanganyi, kwake hicho ni kiungo tu. Sema "wo bu chi zhurou", sili nguruwe. Hata ukieleweka, karai ni lile lile, na mvinyo wa kupikia humwagwa humo humo. Dukani geuza pakiti: ukiona 猪, yaani nguruwe, rudisha.

Ijumaa kuna Huaisheng, barabara ya Guangta, msikiti wa kale sana, au Xianxian, karibu na stesheni ya treni, penye kaburi linalonasibishwa na Sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wahini mapema, wageni hujaa mpaka uani. Programu ya nyakati za swala iwekeni Guangzhou, si Beijing: nchi nzima hufuata saa moja, ila huku jua hupinduka karibu saa 6:30 mchana. Ndugu Wakatoliki, kanisa la mawe la Shishi lipo, nendeni.

Chumbani swali peke yako. Darsa bwenini, au kuwagawia wanafunzi wa Kichina vitabu vya dini, hapana kabisa: sheria inataka ibada za pamoja zifanyike mahali palipoidhinishwa, na mgeni haruhusiwi kuhubiri.

Jambo jingine, Idi mkisafiri mji mwingine. Hoteli itakuandikisha polisi yenyewe. Ukilala kwa rafiki, nendeni naye kituo cha polisi kujiandikisha ndani ya saa 24, na pasipoti mkononi.