Itaingia, Lakini Itawaka?

Mbukwenyi! Naona wenyeji mmeitikia, wageni mmebaki mnatazamana. Basi shikamooni wakubwa, na vijana mambo.

Nimeombwa niongelee kompyuta za mtumba. Tuelewane mapema: sisemi Mtumba kule kwenye wizara. Nasema mashine zilizochoka maofisini ughaibuni, zikafika Kariakoo, kisha zikapanda basi hadi hapa Dodoma. Tangu Oktoba 2025, Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, naulizwa kila mara: "Fundi, niongeze nini ipokee Windows 11?" Nami nauliza, mazabodi yako, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote, ni ipi? Hapo kimya.

Siwacheki, maana mimi mwenyewe yalinikuta. Nilikuwa na mashine yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel ya kizazi cha 7, na Windows 11 kwa kawaida inataka kuanzia cha 8. Nikaangalia soketi, pale prosesa inapokaa: cha 7 ni LGA1151, cha 8 nacho LGA1151. Nikajiona mjanja. Nikatuma hela Dar, mzigo ukaja. Nikaiweka prosesa, ikakaa kama yai kwenye trei. Nikapaka pesti ya kupitisha joto, nikafunga feni, nikawasha. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi tii. Nikatoa ramu, ile kumbukumbu ya muda, nikaisugua kwa kifutio cha penseli, nikarudisha. Nyeusi. Nikakesha nayo.

Kumbe mwaka 2017 Intel walipoleta kizazi cha 8 waliacha hesabu ileile ya pini 1151, lakini baadhi ya pini wakazipa kazi nyingine, na wakataka chipuseti, zile chipu zinazoongoza bodi, za mfululizo wa 300. Bodi yangu ilikuwa H110, inayojua kizazi cha 6 na cha 7 basi. Muuzaji hakunidanganya. Nilimuuliza kama itaingia, akasema itaingia. Na kweli iliingia!

Kwa AMD, washindani wa Intel, afadhali kidogo. Soketi ya AM4 wameishikilia tangu 2016, ila bodi ya B450 yenye bayosi ya zamani, ile programu ndogo ya kuiwasha bodi, haitaitambua prosesa ya Ryzen ya 5000 mpaka uisasishe bayosi, tena ukiwa bado na prosesa ya zamani mkononi. Watu huuza ile ya zamani kwanza. Msiuze.

Ramu haina maneno mengi, kwa sababu yenyewe inakukatalia. Aina ya DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288. DDR5 nayo 288, lakini pengo lake limekaa pengine. Ikigoma kuingia usiisukume kwa kiganja. Nimeona mtu amevunja tundu namna hiyo.

Panapoumiza zaidi ni pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme. Vijana wa gemu, nawaona pale nyuma. Unanunua kompyuta ya ofisi, ile nyembamba ya Dell au HP, unataka kuipachika kadi ya picha. Tundu la kadi lenyewe hutoa wati 75 tu. Kadi ikihitaji zaidi ya hapo, inataka waya wake kutoka pawa saplai, na nyingi za mashine hizi hazina waya huo. Utasema, nitabadilisha pawa saplai. Fungua uone: ya kawaida ina plagi ya pini 24, ya kwako huenda ina 6 au 8, umbo la kiwanda chenyewe. Na hata ukipata kadi ya wati 75, kama GTX 1650 isiyo na plagi, pima kimo cha keisi kwa rula. Kwenye keisi nyembamba inaingia kadi fupi tu, yenye bati fupi la kuifungia nyuma.

Sasa, jina la bodi utalijuaje? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, tafuta mstari wa BaseBoard. Kama mashine haiwaki, fungua mfuniko, puliza vumbi letu hili jekundu, jina limechapwa kwenye bodi yenyewe. Ukishalipata, nenda tovuti ya aliyeitengeneza, fungua orodha ya prosesa inazozikubali. Ya kwako haimo? Usitume hela.

Dada pale mbele anauliza kuhusu laptopu. Ramu yake ni fupi, na siku hizi nyingine imelehemiwa kabisa kwenye bodi, huongezi kitu. Kuna anayejua ya kwake ikoje? Hakuna. Umeibeba, dada? Ilete hapa mezani. Na nani ana bisibisi ndogo ya nyota?