Faji Hajalala, Amejifungia

Wenzetu waliokwama Thika Road watatukuta njiani. Nianze na ugomvi wangu wa kila mwaka: jamani, acheni kuandika kwamba faji, yaani kirusi anayeshambulia bakteria, "amelala" ndani ya bakteria. Aliyelala huamshwa kwa kelele. Huyu amejifungia kwa ndani, na kufuli anaiunda mwenyewe.

Mwaka 1950, Taasisi ya Pasteur, Paris, mwanasayansi André Lwoff alimfuatilia bakteria mmoja kwa darubini akigawanyika mara 19. Faji nje? Hata mmoja. Na ukoo mzima ulikuwa nao ndani! Yeye na wenzake wakajaribu hiki na kile, wapi. Mwishowe wakawasha taa ya urujuanimno, ile UV. Hapa ndipo ninapopapenda, mnivumilie. Bakteria hawakufa papo hapo. Waliendelea kukua, chupa ikazidi kuwa na ukungu, ungedhani taa imewashwa bure. Kisha ukungu ukatoweka, chupa ikabaki angavu kama maji ya mvua. Wote wamepasuka.

Kwa faji lambda, kufuli ni protini inayokalia DNA na kuzinyamazisha jeni za kuua. DNA ya bakteria ikiumia, protini nyingine, RecA, hujipanga kwenye jeraha ili ukarabati uanze. Kufuli ikikutana na RecA hiyo, hujikata vipande viwili. Yenyewe! Saa moja hivi baadaye, faji kama mia wako nje.

"Prof, haya yanamhusu nini mama mboga?" Nilijua mtauliza. Yanamhusu mtoto akihara damu, naye akanunua vidonge viwili vya sipro (antibiotiki ciprofloxacin) duka la dawa la mtaani. Sipro huvuruga DNA ya bakteria. Kama ni wale E. coli wenye sumu ya Shiga, jeni ya sumu imo ndani ya faji. Umefungua kufuli kwa mkono wako, na figo za mtoto ndizo zitakazolipa. Msinigeuzie maneno: kuna kuhara damu kunakotibiwa kwa sipro hiyohiyo. Ninachosema ni choo kipimwe kwanza.

Kipindupindu nacho, jeni ya sumu yake ni ya faji; watafiti Waldor na Mekalanos walionyesha 1996. Ila faji huyo hutoka bila kumpasua mwenyeji wake.

Mwenyekiti ananikodolea macho. Nilitaka kufika kwa faji wanaoachiana ujumbe wa asidi amino (vijenzi vya protini) sita tu, ugunduzi wa 2017, ndipo waamue kuua au kujifungia. Anayewataka anifuate kwenye chai.